Kanisa Linaloweza Kubebwa

Masomo: Matendo ya Mitume 6:1-7; Kutoka 18:13-27; Kutoka 25:10-15

 

Tunaandika somo hili tukiwa tumetoka katika jambo ambalo wengi wenu mnalijua tayari, kwa maana lilisemwa kisimani kabla halijafika kwa wazee. Ndugu wenyeji wa kanisa jirani walituletea magunia ya mahindi na mablanketi kwa ajili ya wajane. Tuliwashukuru, tukaomba, kisha tukagawa kwa kufuata orodha. Orodha ile iliandikwa mwaka 2013. Wajane waliotufikia mwaka 2022, vita ilipowatoa Rutshuru na Bunagana, hawakuwamo. Wala hawakuwamo wale waliokuja baada ya Goma kuchukuliwa mwezi Januari 2025. Mama mmoja alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka jina la mwisho likasomwa, akakunja mfuko wake mtupu, akaondoka bila kusema neno. Jumapili iliyofuata hakuja. Jumapili ya tatu tulihesabu akina mama kumi na mmoja ambao hawakuja.

Tulipokaa kuulizana ni nani aliyefanya ubaya huu, hatukumpata. Aliyesoma orodha aliisoma kama ilivyo, na aliyepima mahindi alipima sawasawa. Hakuna aliyeiba hata kikombe. Kanisa lilikuwa limekua, orodha ilikuwa imebaki udogoni, kama mtoto wa miaka kumi aliyevalishwa shati la mwaka mmoja. Ndipo tukafungua Matendo ya Mitume sura ya sita, na tukaona aibu, kwa maana tuliikuta habari yetu imeandikwa pale.

Angalieni jinsi sura ile inavyoanza. Luka anasema kwanza kwamba hesabu ya wanafunzi ilikuwa ikiongezeka, ndipo anataja manung'uniko. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba manung'uniko katika kanisa ni dalili kwamba Roho ameondoka. Pale Yerusalemu Roho hakuwa ameondoka. Siku ya Pentekoste waliongezeka watu kama elfu tatu, na katika sura ya nne hesabu ya wanaume inafika kama elfu tano. Kanisa lililojaa Roho ndilo lililosahau wajane. Lilikuwa na jikoni ya watu mia na ishirini na mezani watu elfu nyingi.

Na waliosahauliwa ni akina nani? Ni wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani, watu wa damu moja na wengine, lakini waliozaliwa au kukulia ugenini. Walikuja Yerusalemu na lugha nyingine midomoni. Sisi tunaosikia kila siku nani anasema Kihunde, nani Kinyarwanda, nani Kinande na nani Kiswahili cha Bukavu, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mtu akiomba chumvi kwa lugha yako unampa upesi kuliko anayekuonyesha kwa kidole. Hutaki kumnyima, ila sikio lako limechelewa kumsikia.

Mitume kumi na wawili walifanya nini? Tunaomba kila mzee wa kanisa asome hapa polepole. Hawakuwaambia wale walalamikaji wafunge na kuomba ili wapate uvumilivu, wala hawakuhubiri juu ya dhambi ya kunung'unika, ingawa mifano kutoka jangwani ingewatosha. Waliita kusanyiko lote, wakakiri mbele ya watu kwamba kazi imewazidi. Kisha wakawaambia watu wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Mitume ndio waliotaja sifa, na kusanyiko ndilo lililotaja majina.

Sasa tazameni yale majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Tunajua Wayahudi wengine walikuwa na majina ya Kiyunani pia, hata Filipo na Andrea miongoni mwa wale Kumi na Wawili, lakini saba kati ya saba si bahati. Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kanisa lilichukua kipimo cha unga likakiweka mikononi mwa wale waliokuwa wakipunjwa. Wajane wa Kiebrania sasa walipaswa kuwaamini wageni kwamba watawapimia sawa. Mstari wa saba unasema neno la Mungu likaenea, na makuhani wengi wakaitii imani. Sisi tunasadiki kwamba wale makuhani walikuwa wakitazama jinsi mahindi yanavyogawiwa. Kuhani anajua mambo ya kugawa.

Ndugu zetu, na sisi turudi nyuma kidogo tukumbushane tulikotoka, kwa sababu vijana wengi waliobatizwa juzi hawajui.

Tulipofika hapa mwaka 2012 palikuwa na vichaka na hema. Kanisa lilikuwa familia sita chini ya mti, tena familia za makanisa mbalimbali, maana wengine tulitoka CEPAC, wengine CELPA, wengine tulikuwa Waanglikana, na mzee mmoja alikuwa Mmethodisti aliyekataa kupiga makofi hadi tulipomzoea. Hatukuwa na daftari, na hatukulihitaji. Mtu akikosa ibada tulijua ana malaria kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Sadaka ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikaa kwa mzee mmoja mwaminifu. Yeye ndiye aliyepiga ngoma ya kuita watu, aliyeandika ndoa, aliyejua nani ana deni la mabati, na aliyekwenda kwa kamanda wa makazi kunapokuwa na neno. Tulimpenda, na tunampenda hata sasa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Bila yeye tusingekuwa na paa.

Lakini miaka ilipita. Hema likawa nyumba ya udongo, ile nyumba ikaezekwa mabati, watu wakawa mia tatu na zaidi, na bado mambo yote yalikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Aliposema, "Mimi najua," alisema kweli, alijua. Sisi wengine tulilala. Mwaka mmoja jina lake likatoka katika orodha ya wanaopelekwa nchi ya mbali. Siku za kujiandaa zilikuwa chache, kulikuwa na machozi na picha na mbuzi, na gari likaondoka alfajiri. Mwezi uliofuata tukataka kununua misumari. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo haukuonekana. Tulivunja kwa nondo mbele ya mashahidi wanne. Ndani tulikuta fedha pungufu kuliko tulivyodhani, na vikaratasi vyenye majina na hesabu ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Tulipompata kwa simu alitueleza yote, na kila shilingi ilikuwa na mahali pake. Lakini zilikuwa zimepita wiki saba, na katika wiki saba midomo ilikwisha mwita mwizi. Familia mbili hazisalimiani hadi leo kwa sababu ya wiki zile.

Tunasema wazi, kosa lile si lake. Ni letu tulioacha mtu mmoja abebe mpaka tukamharibia jina.

Musa naye alikuwa katika hatari hiyo hiyo. Katika Kutoka 18 anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wamesimama mstari. Sisi tunaujua mstari wa tangu asubuhi mpaka jioni, tunajua jinsi miguu inavyovimba na jinsi watu wanavyoanza kugombana si kwa sababu ya ugomvi waliokuja nao bali kwa sababu ya mstari wenyewe. Mkwewe Yethro anafika, anatazama siku moja, na anamwambia kwamba jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu walio pamoja naye. Mara nyingi tunahubiri kwamba Musa alikuwa amechoka. Yethro aliona pia kwamba watu wamechoka kumngoja. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa, mashauri madogo waamue wao.

Yethro hakuwa Mwisraeli. Alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa nchi ile ile ambayo Musa alikimbilia alipokuwa hana kwao. Musa angeweza kumwambia kwamba mgeni hajui desturi zetu. Alisikiliza, akafanya yote aliyoambiwa, kisha akamwacha aende zake. Tunapenda kusema hapa, kwa heshima, kwamba wenyeji wetu wa Uganda wametushauri zaidi ya mara moja tuandike hesabu na kuisoma mbele ya watu kila miezi mitatu, nasi tukajibu kwamba sisi tunaaminiana.

Kuna jambo jingine katika torati ambalo halihubiriwi sana. Katika Hesabu 8 Walawi wanaanza kazi ya hema wakiwa na miaka ishirini na mitano, na wakifika hamsini wanaiacha. Hawafukuzwi. Imeandikwa kwamba watahudumu pamoja na ndugu zao katika ulinzi, ila kazi yenyewe hawataifanya. Hebu fikirini busara hii. Mtu wa miaka hamsini na mmoja bado ana nguvu, bado anajua kila fundo la kamba, na hapo ndipo Mungu anamwambia asimame pembeni amtazame kijana akifunga. Kama angengoja hadi mikono itetemeke, angemfundisha nani? Katika kanisa letu wazee wanne kati ya saba hawajabadilishwa tangu mwaka 2013. Na sisi tunaoandika tumo miongoni mwa hao wanne.

Tuwape sasa habari ya kanisa moja lililotutia moyo tulipokuwa tukijadili haya, kwa sababu lilikuwa kanisa la wakimbizi kama sisi. Wamoravian wanajulikana sana upande wa Tanzania, na baadhi yetu tuliopita kambi za Kigoma tuliimba pamoja nao. Mwanzo wao ni mwaka 1457 huko Kunwald, katika nchi ya Bohemia, nao walikuwa watu walioshika mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Baada ya vita ya mwaka 1620 wafalme waliwakataza imani yao. Wengine walibaki wakisali kwa siri, wengine wakakimbia. Askofu wao Comenius alivuka kwenda Poland mwaka 1628. Mji alioukimbilia, Leszno, nao ukaja kuchomwa mwaka 1656, na maandishi yake ya miaka mingi yakaungua. Alikufa ugenini, Amsterdam, mwaka 1670, bila kuliona kanisa lake likirudi.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwezi Juni 1722, kikundi kidogo cha wakimbizi kutoka Moravia kilifika katika shamba la bwana mmoja wa Saksonia nchini Ujerumani, jina lake Zinzendorf. Fundi seremala aliyewaongoza, Christian David, akaangusha mti wa kwanza, wakaanza kijiji wakakiita Herrnhut. Habari ikaenea, wakaja wengine, na wengine, wa makanisa tofauti. Kufika mwaka 1727 walikuwa kama mia tatu. Na walikuwa wakigombana vibaya sana! Waligombana juu ya meza ya Bwana na juu ya nani anafundisha kweli. Huyo Christian David mwenyewe kwa muda alijitenga, akajijengea nyumba nje ya kijiji. Tunalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mateso peke yake humtakasa mtu. Mateso yanaweza kukufanya mwepesi wa kugomba.

Walichofanya ni hivi. Tarehe 12 Mei 1727 waliweka sahihi mapatano ya namna ya kuishi pamoja, na wakachagua wazee. Kuanzia hapo walikutana kwa vikundi vidogo, watu wachache wachache, wakiulizana hali za mioyo. Tarehe 13 Agosti walikwenda kushiriki Meza ya Bwana, na Roho akawashukia kwa namna ambayo kanisa lao hukumbuka siku hiyo hadi leo. Tunawaomba ndugu zetu wa maombi waliangalie hilo. Siku ile ya Agosti huhubiriwa sana, lakini mapatano ya Mei yalitangulia. Kuni zilipangwa kwanza. Mwezi huo huo wa Agosti wanaume ishirini na wanne na wanawake ishirini na wanne wakagawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na yaliendelea zaidi ya miaka mia moja. Hebu hesabuni ni watu wangapi walikufa ndani ya miaka hiyo mia na kupokezwa zamu zao na wengine. Maombi yangekuwa ya mtu mmoja hodari yangekwisha naye.

Mwaka 1732, kijiji kikiwa na umri wa miaka kumi tu, walituma watu wawili, Leonhard Dober na David Nitschmann, kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa. Wakimbizi wa miaka kumi, ambao kwa desturi ya dunia walipaswa bado kupokea, walikuwa wanatuma. Na huyo Nitschmann, fundi seremala, aliwekwa kuwa askofu mwaka 1735 kwa mkono wa Jablonski wa Berlin, ambaye alikuwa mjukuu wa yule mzee Comenius. Kile kilichopotea kwa moto kilikuwa karatasi. Kilichopokezwa mkono kwa mkono hakikupotea.

Baadaye Dober aliitwa arudi awe Mzee Mkuu wa kanisa lote. Kazi ikakua ikafika bara hata bara, naye akaomba apumzishwe, akisema imemzidi. Mwezi Septemba 1741 walikutana London kutafuta mwingine, na hawakumpata mtu ambaye mabega yake yangetosha. Wakaamua kwamba kiti kile hakitakaliwa tena na mwanadamu, Kristo mwenyewe ndiye Mzee Mkuu, na kazi zile wakazigawa. Si kwamba walikosa makosa. Zinzendorf alipofariki mwaka 1760 kanisa lilikuwa na madeni makubwa, kwa sababu kwa miaka mingi mali yake na mali ya kanisa zilikuwa mfuko mmoja. Iliwapasa kukutana, kutunga taratibu, kutenganisha mifuko na kulipa kwa miaka mingi. Tuliposoma hapo tulitazamana, tukakumbuka lile sanduku na ile nondo. Mwaka 1891 wamisionari wao walifika Rungwe, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Turudi kwetu. Mwaka 2023, mgao wa chakula katika makazi yote ya Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi, familia nyingi zilipunguziwa na nyingine zikakatwa kabisa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na kuna watu kati yetu waliokuwa wamekwisha kuuza mbuzi na kugawa masufuria. Waliomba radhi kwa majirani wakayachukua tena masufuria yao. Kiongozi wa kwaya alikuwa amekwisha agwa, akarudi Jumapili akakaa nyuma, hatukujua tumweke wapi kwa sababu mwingine alikuwa amekwisha pewa zamu yake. Kuna wanaosikiliza redio kila jioni kungoja habari ya kurudi Masisi. Kila mmoja wetu anaishi akiwa na mguu mmoja nje. Basi swali limeulizwa katika kikao, tena na mzee wa heshima: kuna haja gani ya kuchagua, kuandika na kufundisha, wakati hatujui mwaka ujao tutakuwa wapi?

Jibu tulilipata katika Kutoka 25, palipo na sanduku la agano. Mungu aliagiza litiwe pete nne za dhahabu, na miti miwili ya mshita ipitishwe katika pete hizo kwa ajili ya kulibeba. Kisha akaamuru kwamba miti ile isitolewe. Vyombo vingine navyo vilikuwa na miti yake, lakini amri hiyo ya kuiacha daima imetajwa juu ya sanduku. Maana yake kitu kitakatifu kuliko vyote katika Israeli kilikaa muda wote kama kitu kinachosafiri kesho. Wakati wa kuhama magari yalikuwapo, maana Hesabu 7 inatuambia wana wa Gershoni walipewa magari mawili na wana wa Merari manne, kwa ajili ya mapazia na mbao. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa mabegani. Mbao zilipata magari, lakini agano lilihitaji mabega ya watu, na mtu mmoja hawezi kubeba miti miwili.

Tena fungueni 1 Wafalme 8. Sulemani amekwisha jenga nyumba ya mawe na mierezi, miaka saba ya kazi. Safari imekwisha, taifa limekaa kwao. Makuhani wanaingiza sanduku mahali pake, na mwandishi anaona vema kutuambia kwamba ile miti ilikuwa mirefu, ncha zake zikaonekana kutoka patakatifu. Hata ndani ya hekalu hawakuitoa. Kwa hiyo tusidhani kwamba miti ni alama ya ukimbizi tu, kwamba siku tukirudi kwetu tutaichomoa tuichome kuni. Na mti wa mshita ulitengenezwa, ukafunikwa dhahabu. Wale waliojua watahama walitengeneza vizuri zaidi.

Hata makazi haya yanatufundisha. Rwamwanja ilifunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, ikafungwa mwaka 1995, ikafunguliwa tena mwaka 2012 kwa ajili yetu. Waliolima hapa kabla yetu wamekwenda.

Na wale Saba wa Matendo walidumu muda gani katika kamati yao? Sura ya saba Stefano anapigwa mawe. Sura ya nane Filipo yuko Samaria, kisha njia ya Gaza, na mwishowe tunamkuta Kaisaria ana nyumba na binti wanne wanaotabiri. Kamati ilivunjwa na mateso. Lakini waliotawanyika walikwisha kujifunza kitu. Baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walifika Antiokia wakawahubiria hata Wayunani, na kanisa likazaliwa pale kwa mikono ya wakimbizi ambao Luka hakuwataja majina. Njaa ilipotabiriwa, ni Antiokia iliyochanga na kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Na katika sura ya 13 viongozi wake ni watano wa namna namna: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Roho anaomba wawili kati ya watano. Wanafunga, wanaomba, wanawawekea mikono, wanawaacha waende. Hatusomi kwamba walitafuta ufunguo.

Basi wapendwa, baada ya kuomba siku tatu, wazee tumekubaliana mambo, nasi tunayaleta kwenu kusudi kusanyiko liseme, kama kule Yerusalemu. Sisi wanne wa tangu 2013 tunatoka katika kamati. Tutakaa karibu kwa mwaka mmoja kuwaonyesha wapya mahali kila kitu kilipo, na hatutapiga kura. Kusanyiko litachagua mashemasi wa mgao, na tunaomba, tena tunasihi, wengi wao wawe wa waliofika kuanzia mwaka 2022, na akina mama wasipungue nusu. Sanduku litakuwa na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa vijiji tofauti. Hesabu itasomwa kila baada ya miezi mitatu kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Kila mwenye huduma, kuanzia mchungaji hadi mpiga ngoma, atakuwa na mtu anayejifunza kazi yake. Na anayehama atapewa barua ya kanisa na nakala ya cheti cha ubatizo na cha ndoa, ili huko aendako asianze kujieleza upya kama mtu asiye na watu.

Juu ya nusu ya akina mama wazee hatukukubaliana wote. Wawili walikataa, na sababu zao watazisema wenyewe mbele yenu.

Yule mama wa mfuko mtupu tumemtembelea. Tulikwenda watatu, tukaomba radhi. Alitupa maji ya kunywa, akatuambia kwamba kule Rutshuru alikuwa mhasibu wa sadaka ya akina mama kwa miaka tisa, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Bado hajasema kama atarudi.

Daftari jipya linaanza kuandikwa Jumapili baada ya ibada ya pili, mezani chini ya mwembe. Kila familia ije na kadi yake, hata walioandikwa zamani. Wanaojua kusoma na kuandika wawasaidie wengine, na asiyeweza kufika kwa ugonjwa atume mtoto, tutamfuata nyumbani.